Habari za Msingi wa Nyumba

Ukishuka garini katika barabara ya Outer Ring, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, ukaingia katika mtaa wa Tassia, jambo la kwanza litakalovuta macho yako ni urefu wa nyumba. Zimesimama bega kwa bega, ghorofa sita, saba, hata nane, na mahali pengine baina ya nyumba na nyumba pana nafasi ya mtu mmoja tu kupita na ndoo yake ya maji. Nguo zimeanikwa katika kila roshani. Chini kuna maduka, kinyozi, muuza mboga na fundi wa viatu. Mgeni huinua macho akastaajabu. Mimi nakuomba, msomaji, uyainamishe yako, kwa kuwa habari ninayotaka kukueleza iko chini ya miguu yako, mahali ukuta unapoingia ardhini na kutoweka.

Siku ya Ijumaa, tarehe 6 Desemba 2019, nyumba moja ya ghorofa sita katika mtaa huo iliporomoka na watu wamo ndani. Kazi ya kuwafukua iliendelea kwa siku kadhaa, na waliokufa walikuwa wapatao 10. Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa zimenyesha kupita kiasi katika sehemu nyingi za Kenya. Tangu hapo mtu akaaye katika nyumba kama ile hana budi kujiuliza: msingi wa nyumba yangu uliangaliwa na nani kabla haujafunikwa? Swali hilo lina historia ndefu kuliko Tassia yenyewe, nayo yaanza katika udongo.

Zamani sana, kabla ya mwanadamu, volkano za upande wa Bonde la Ufa zilimwaga mawe yaliyoyeyuka juu ya nchi hii. Yalipopoa yakawa mwamba wa kijivu, na mwamba huo ndio unaochongwa hata leo kuwa mawe ya kujengea. Juu ya mwamba udongo ulifanyika, lakini haukufanyika wa namna moja. Upande wa magharibi, katika vilima, maji hushuka na kwenda zake, na udongo wa huko ni mwekundu, mzito wa kina, nao hupitisha maji vizuri. Upande wa mashariki nchi ni tambarare, yateremka polepole kuelekea Athi. Maji hutuama huko, na udongo wake ni mweusi.

Wakulima na wajenzi wa Kenya huuita udongo huo udongo wa pamba. Jina hili lina asili ya Bara Hindi, ambako udongo wa namna hiyo katika nchi ya juu ya Deccan ndio unaolimwa pamba. Katika Tanzania wengi huujua kuwa ni udongo wa mbuga. Chembe zake ni nyembamba mno, mfano wa karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na maji hupenya katikati ya karatasi hizo yakazisukuma mbalimbali. Basi mvua inyeshapo, udongo huvimba na kuinuka. Jua likiwaka, hunywea na kupasuka, hata waweza kutia mkono wako katika ufa. Mwaka baada ya mwaka huvimba na kunywea, huvimba na kunywea. Nyumba iliyotuzwa juu yake ni kama mtu aliyelala juu ya kifua cha mnyama apumuaye.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba hauinuki sawasawa. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba hukaa mkavu, kwa kuwa mvua haiufikii; ule wa pembezoni hulowa. Kwa hiyo pembe za nyumba huinuka na kati hubaki, kisha wakati wa kiangazi pembe hushuka tena. Ukuta wa mawe hauwezi kupindika kama mkeka. Hupasuka.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika mahali hapa mwishoni mwa Mei 1899. Wahandisi wake walipapenda kwa sababu zao: palikuwa na maji, nayo ilikuwa nchi tambarare ya mwisho kabla ya kuanza kupanda vilima na kushuka katika Bonde la Ufa. Palifaa kuweka karakana, magari na mahema. Wamasai walipaita mahali pa maji baridi, na neno hilo lilitosha kuwaonya waliotaka kujenga mji. Watu wa reli walitafuta kituo, wakapata mji. Miaka mitatu haikupita kabla ya tauni kuzuka katika soko la Wahindi, na soko likatiwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Madaktari walilalamika ya kuwa mji umekaa katika matope, na wako waliosema uhamishwe kabisa. Haukuhamishwa. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika.

Hapo ndipo udongo ulipoingia katika siasa. Wazungu walijenga nyumba zao katika vilima vya magharibi na kaskazini, katika udongo mwekundu ulio mkavu. Mwaka wa 1913 Profesa Simpson, aliyetumwa kuchungulia afya ya miji ya nchi hii, alishauri watu wa mataifa mbalimbali wakae mbalimbali, na serikali ya kikoloni ikazidi kuwatenga. Waafrika wakapewa mashariki. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, na baadaye Jericho na Jerusalem, zote zimo upande ule. Sitaki udhani, msomaji, ya kwamba mtu fulani aliketi na ramani ya udongo akaamua kuwapa Waafrika udongo unaovunja nyumba. Lakini walio na uwezo wa kuchagua walichagua kwanza, na walichoacha ndicho wengine walichopewa.

Hata hivyo mitaa ile ya zamani haikuanguka. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa katika miaka ya 1940, ni za chini, nyepesi, zimeachiana nafasi, na zilijengwa na halmashauri iliyokuwa na wakaguzi wake. Tassia ni habari nyingine.

Ardhi ya Tassia ilikuwa mali ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ujulikanao kama NSSF. Watu waliingia wakajenga kabla haijagawanywa na kuuzwa kwa taratibu, na mabishano yakadumu miaka mingi, mpaka Mfuko ulipokubali kuwauzia waliokwisha kukaa. Mji ulikuwa ukijaa, kodi za nyumba zikipanda, na kiwanja kidogo kilichojengwa ghorofa saba kiliweza kumlisha mwenyewe na wanawe. Huenda ukauliza, habari za hati za ardhi zina uhusiano gani na msingi? Zina uhusiano mkubwa. Tangu mwaka wa 1968 Kenya ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizofuata mfano wa Uingereza, na desturi ya kanuni hizo ni kwamba ramani ipelekwe kwanza kwa halmashauri, kisha mtaro wa msingi usifunikwe kabla mkaguzi hajauona. Lakini mtu asiye na hati hana ramani ya kupeleka. Asiyepeleka ramani hana mkaguzi wa kumwita. Naye mwenye wasiwasi wa kufukuzwa hujenga upesi, kwa kuwa ni vigumu zaidi kumwondoa mtu katika ghorofa ya tano kuliko katika kiwanja kitupu. Hivyo basi katika mitaa ya namna hii kuta zilitangulia karatasi, na mtaro wa msingi, ambao huonekana kwa siku chache tu katika maisha yote ya nyumba, ulifunikwa bila jicho la mtaalamu kuutazama.

Ujuzi wenyewe wa kuusoma udongo si wa kale. Sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa yapata miaka 3,750 iliyopita, zilisema kwamba nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, mjenzi naye auawe. Ni sheria kali, ila ina kasoro moja: hungoja nyumba ianguke. Wajenzi wa kale walijifunza kwa kurithi na kwa kukosea. Waliojenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, kuanzia mwaka wa 1593, waliiweka juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake zimesimama. Waliojenga mnara wa Pisa katika Italia hawakuwa na bahati hiyo. Waliuanza mwaka wa 1173 kwa msingi wa kina cha mita tatu hivi, juu ya udongo laini, na hawakuvuka orofa ya tatu kabla mnara haujaanza kuinama. Kazi ikasimama karibu miaka 100, na wataalamu husema kusimama huko ndiko kulikouokoa, maana udongo ulipata muda wa kukazana. Mwaka wa 1990 mnara ulifungwa usipandwe na watu. Wahandisi wakaondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, mpaka mnara ukajirudi kwa zaidi ya sentimita 40, na mwaka wa 2001 ukafunguliwa tena.

Mtu aliyeligeuza jambo hili kuwa elimu ni Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka wa 1883. Alipokuwa mwalimu katika mji wa Istanbul alifanya majaribio yake kwa vyombo duni, vingine vikiwa masanduku ya sigara, na mwaka wa 1925 akatoa kitabu kilichoanzisha elimu ya udongo kwa wahandisi. Alionyesha ya kuwa udongo uliojaa maji haubebi mzigo peke yake. Maji yaliyomo ndani hubeba sehemu, na yanapoondoka mzigo huuangukia udongo, nao hushuka. Kwa hiyo nyumba yaweza kusimama wima leo na kuinama baada ya miaka mitano bila mtu kuigusa.

Sasa tuseme mwenye nyumba mmoja wa Tassia ameingiwa na hofu, naye amwita mhandisi. Sharti awe mhandisi aliyeandikishwa. Kenya iliweka sheria ya kuwaandikisha wahandisi mwaka wa 1969, na tangu sheria mpya ya mwaka wa 2011 wamekuwa chini ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Fundi hodari aweza kujenga ukuta ulionyoka kama uzi, na simdharau hata kidogo, lakini kazi ya kujua ardhi itachukua uzito gani si ya timazi wala ya pimamaji.

Kwanza mhandisi huomba karatasi. Hutazama ramani ina ghorofa ngapi, kisha hutoka nje na kuhesabu zilizopo. Mara nyingi taabu ya kwanza hutokea hapo: karatasi ina ghorofa nne, nyumba ina saba. Fahamu ya kwamba msingi hupimwa siku unapochimbwa. Mwenye nyumba akiongeza ghorofa baadaye kwa kuwa wapangaji ni wengi, hakuna anayeujulisha msingi. Ni uzito tu unaoongezeka.

Kisha huizunguka nyumba polepole. Hutazama maji kabla ya kutazama mawe. Mfereji wa paa wamwaga wapi? Bomba gani linavuja? Shimo la maji machafu liko umbali gani na nguzo? Katika udongo mweusi, bomba linalovuja upande mmoja wa nyumba ni kama mvua isiyokoma upande huo tu. Hutazama nyufa pia. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu si habari kubwa. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha, ukifuata viungo vya mawe, humwambia ya kuwa upande mmoja umeshuka au umeinuka. Ufa katika nguzo ya zege humfanya anyamaze na kuandika. Milango isiyofungika humsaidia pia. Juu ya ufa anaoushuku hubandika kipande cha kioo, akaandika tarehe. Kioo kikivunjika baada ya wiki chache, ajua ya kuwa nyumba ingali inakwenda.

Lakini kazi hasa ni shimo. Mhandisi huchagua nguzo moja, na vibarua huchimba kando yake shimo jembamba kufuata nguzo mpaka kwenye kitako chake. Hawachimbi kandokando ya nguzo nyingi kwa wakati mmoja, wasije wakaondoa kile kinachoshikilia nyumba. Niliwahi kusimama kando ya shimo la namna hiyo. Juu palikuwa na takataka za ujenzi, chini yake udongo mweusi unaong'aa kama umepakwa mafuta, na kibarua akawa akiubandua katika sururu kwa vidole maana haukutaka kuachia. Tulikuwa watu sita pale, na hakuna aliyezungumza. Kila mtu alikuwa akingoja kuona kitako cha nguzo kitatokea kabla ya udongo mweusi kwisha, au baada yake.

Maana swali lote liko hapo. Katika Nairobi ya mashariki mjenzi mwaminifu huuondoa udongo mweusi wote, mita moja, mbili au zaidi, mpaka afike kwenye changarawe ngumu au mwamba, kisha hujaza mawe na kuyashindilia kabla ya kumimina sakafu. Kazi hiyo yahitaji malori ya kuchukua udongo na malori ya kuleta mawe, nayo yote huzikwa, hakuna mpangaji atakayeiona na kulipa kodi zaidi kwa ajili yake. Kwa hiyo mwenye tamaa akitafuta mahali pa kupunguza gharama, hupapata hapo kwanza.

Mhandisi hupima kina cha shimo, upana wa kitako, na huchukua udongo ulio chini yake aupeleke maabara. Kipimo kimoja chaweza kufanywa hata katika maabara ya shule yako. Huchukuliwa gramu 10 za udongo uliokaushwa na kusagwa, zikatiwa katika chupa ya vipimo yenye maji, na gramu 10 nyingine katika chupa yenye mafuta ya taa. Baada ya saa 24 hulinganishwa. Mafuta ya taa hayauvimbishi udongo, maji huuvimbisha. Tofauti ya kimo baina ya chupa mbili ndiyo hasira ya udongo ule, imepimwa kwa macho.

Zege nalo huulizwa habari zake. Iko nyundo iliyobuniwa na Ernst Schmidt wa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1940, ambayo hugonga nguzo na kurudi nyuma; kadiri zege lilivyo gumu ndivyo inavyorudi zaidi. Kama haitoshi, hukatwa kipande cha duara kutoka katika zege, kikapondwa kwa mashine mpaka kivunjike, ijulikane kilichukua uzito gani. Nyumba inapojengwa kwa uaminifu kipimo hiki hufanywa mapema: zege la siku ile humiminwa katika vibweta, na vipande vyake hupondwa baada ya siku 28. Saruji iliyopunjwa haiwezi kujificha mbele ya mashine hiyo.

Baada ya hayo mhandisi huandika ripoti. Akiona msingi umefika mahali pagumu na zege ni zuri, hushauri mifereji itengenezwe na nyufa zizibwe, basi. Akiona msingi ni dhaifu lakini wapona, hushauri uchimbwe chini yake kipande kwa kipande, na kila kipande kimiminwe zege kabla ya kufungua kingine; au ghorofa za juu zivunjwe kupunguza uzito. Akiona hakuna tiba, huandika watu watoke.

Neno hilo la mwisho ndilo gumu kulitekeleza. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa sita iliyokuwa karibu na mto katika mtaa wa Huruma ilianguka, na watu karibu 50 wakafa. Mtoto mchanga alitolewa hai katika vifusi baada ya saa zipatazo 80, na nchi nzima ikafurahi kwa muda. Nyumba ile ilikuwa imekwisha kutajwa kuwa ni ya kuvunjwa, lakini watu walikuwa wangali wakilala ndani. Serikali ilizidisha ukaguzi baada ya msiba ule. Kati ya majengo karibu 15,000 yaliyokaguliwa katika miaka iliyofuata, zaidi ya 10,000 yalionekana si salama. Mwaka wa 2024 kanuni mpya za ujenzi zilitangazwa mahali pa zile za 1968.

Wakaguzi huandika alama ya X kwa rangi nyekundu katika ukuta wa nyumba mbovu. Wako wanaowalaumu wapangaji kwa kuendelea kukaa nyuma ya alama hiyo, nami naona lawama hiyo haina haki. Mpangaji hawezi kuchimba shimo kando ya nguzo isiyo yake, wala haonyeshwi ripoti. Analojua ni kwamba kodi ya mwezi amekwisha kulipa, na kwamba nyumba ya jirani, isiyo na alama, haikukaguliwa na mtu yeyote. Shimo la mhandisi likishapimwa hufukiwa siku ile ile, udongo ukashindiliwa, na kesho yake muuza mboga hurudisha meza yake juu yake.